Metronomu ya Mtoto: Aione Kwanza

Swali hili huniijia sana msimu wa kahawa. Mzazi ameuza, ada imelipwa, fedha kidogo imebaki, na mtoto wake anajifunza kinanda, tarumbeta au ngoma. Ananisubiri nje baada ya mazoezi, au anapiga simu jioni: "Mwalimu, ulisema mwanangu anakimbia. Sasa nimnunulie metronomu ipi?" Nafundisha muziki Bukoba mjini, na sehemu ya kila mwezi niko Muleba, kwenye kwaya na majumbani mwa watu, kuanzia Muhutwe na Kamachumu hadi Nshamba na Rubya. Nalifurahia swali hilo kuliko mengi ninayoulizwa. Wazazi wengi hutaka kujua mtoto atapiga wimbo mzima lini. Anayeuliza habari za mapigo amekwisha kugusa kiini cha kazi yangu.

Mtoto anayekimbia hajui kwamba anakimbia, na shida yote iko hapo. Msikilize akipiga wimbo wa kuanzia. Sehemu anayoiweza anaipiga haraka kwa furaha. Akifika mahali kidole gumba kinapotakiwa kupita chini ya vingine anapunguza mwendo. Akishavuka anaongeza tena ili kufidia. Mwulize, atakuapia kwamba mwendo ulikuwa mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Hasemi uongo. Kichwani mwake ugumu na muda vimechanganyika, na hana kitu cha nje cha kumwonyesha tofauti. Mwalimu akimpigia makofi bado haitoshi, kwa sababu mwalimu ni binadamu: akiona mtoto anakwama, mikono yake inachelewa kidogo kumsubiri, tena bila kukusudia. Metronomu, mashine inayogonga mapigo kwa mwendo usiobadilika, haimsubiri mtu. Inanunuliwa kwa kazi hiyo moja, na mengine yote, taa, kengele, rangi na mapambo, yapimwe kwa namna yanavyoisaidia kazi hiyo.

Msimamo wangu, baada ya kuwalea watoto wengi kwenye vinanda na ngoma, ni kwamba mtoto mdogo aione metronomu kabla ya kuisikia. Mtoto wa miaka 7 au 8 ukimpa mlio mtupu, anaufuata kwa nyuma. Anasikia "tik", ndipo anabonyeza. Kila nota inatua baada ya pigo, na mtoto anakaa kama mtu anayeshtuliwa kila mara: mabega juu, macho yamekazwa, pumzi imezuiwa. Sababu ni kwamba mlio hauna dalili. Unakuja ghafla na kupotea. Lakini fimbo inayoyumba inakuja kwa safari: inaanza upande huu, inapita katikati, inapunguza mwendo kule mwisho, inageuka. Mtoto anaiona njia nzima, kwa hiyo analijua pigo kabla halijafika. Hivyo ndivyo waimbaji wanavyousoma mkono wa mwongozaji wa kwaya. Mkono ukipanda, kila mmoja anajua utashuka lini, na sauti zote zinaingia pamoja. Mtoto aliyeanza kwa kuona mwendo hukaa vizuri kwenye kwaya baadaye, maana amezoea kutazama mbele ya pigo.

Kwa metronomu za dukani, ile ya zamani yenye umbo la piramidi ndiyo inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Ina fimbo ya chuma yenye uzani unaoteleza juu na chini. Uzani ukipanda, fimbo inayumba polepole, ukishuka, inaharakisha. Ndani kuna springi inayojazwa kwa ufunguo, kama saa za mezani za zamani, kwa hiyo haitaki umeme wala betri. Mtambo wenyewe ulibuniwa na Dietrich Winkel huko Amsterdam mwaka 1814, na mwaka uliofuata Johann Maelzel akausajili kwa jina lake mwenyewe baada ya kuongeza mistari ya namba. Ndiyo maana kwenye nota za zamani utaona herufi M.M. kabla ya namba ya mwendo: ni metronomu ya Maelzel. Beethoven alikuwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa kwanza kuweka namba hizo kwenye kazi zake, mwaka 1817. Namba maana yake ni mapigo kwa dakika. Ukiweka 60, kila pigo ni sekunde moja. Ukiweka 120, sekunde moja inabeba mapigo mawili. Mizani ya kawaida ya mashine hizi huanzia 40 na kuishia 208.

Huku kwetu hazipatikani kila duka. Nyingine nimezikuta kwenye nyumba za mapadre na makabati ya shule, zilipoachwa na waliotutangulia. Mpya wengi huagiza kwa mtu anayekwenda Mwanza, Dar es Salaam au Kampala, na kwa mtu wa Bukoba Kampala ni karibu zaidi kwa barabara: mpaka wa Mutukula uko kilometa 80 hivi tu kutoka mjini. Popote utakapoikuta, usiinunue kabla hujaisikiliza, na usikubali kuisikiliza kwa sekunde tano huku muuzaji anaongea. Iweke juu ya meza iliyonyooka, jaza springi, weka 60, fungua fimbo, kisha ugeuke usiitazame. Sikiliza nafasi kati ya mlio na mlio. Nzima inakwenda tik, tak, tik, tak, nafasi zote sawa. Mbovu inachechemea: tik-tak, kimya kirefu, tik-tak, kimya kirefu. Ikichechemea, kwanza chunguza meza, maana hata nzima huchechemea ikiwekwa kwenye mwinamo. Ingiza karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja, uone kama inatulia. Ikikubali kutulia pale tu unapoilaza upande, basi ndani imepinda, iache. Kisha chukua saa yenye mshale wa sekunde, hesabu milio kwa dakika nzima. Ukiweka 60, milio iwe 60. Mtoto atakayejifunza kwa mashine inayochechemea atachechemea, naye hatajua kosa limetoka wapi.

Ukiipata nzima, itunze. Bukoba mvua hainyeshi msimu mmoja tu, na unyevu wa ziwa unaingia kila mahali. Mbao zinavimba, springi inashika kutu. Iwekwe mahali pakavu palipoinuka, mbali na dirisha, na fimbo ifungwe mahali pake kila mazoezi yanapokwisha.

Lakini wanafunzi wangu wengi wa Muleba hawajawahi kuwa na mashine hiyo, na bado wameiona metronomu kabla ya kuisikia. Wanaitengeneza. Naomba msomaji asilipite jambo hili haraka, kwa sababu kwa mtoto mdogo naliweka mbele ya vitu vingi vinavyouzwa.

Kinachotakiwa ni uzi usionyumbuka, nati moja ya chuma, msumari, na futi kamba ya fundi cherehani. Uzi unaning'inizwa kwenye msumari juu ya fremu ya mlango, nati inaning'inia chini kama timazi la fundi mwashi. Pima kutoka kwenye msumari hadi katikati ya nati. Ikiwa ni sentimita 99, kila safari ya upande mmoja, kutoka kushoto kwenda kulia, ni sekunde moja, yaani umepata 60. Kwa 72, uzi uwe sentimita 69. Kwa 80, sentimita 56. Kwa 100, sentimita 36, na kwa 120, sentimita 25 tu. Uisukume kidogo, isiyumbe kwa upana mkubwa, na kila inapofika upande wowote hesabu pigo. Uzito wa nati hauna neno. Ukiweka nati kubwa au kufuli, mwendo ni uleule, maana kinachoamua ni urefu kutoka msumari hadi katikati ya kilichoning'inizwa. Inapokaribia kusimama inayumba kwa hatua ndogo, lakini pigo halibadiliki. Ukiisukuma tena, inaendelea na mwendo wake.

Nyumba moja ya Nshamba, binti anajifunza kinanda na babu yake alikuwa mpiga ngoma. Tulifunga uzi kwenye mlango wa sebuleni, tukatia fundo kwenye kila kipimo ili uweze kufupishwa bila kupima upya. Binti alikaa mezani, maana kinanda kiko kanisani, akapiga vidole vyake juu ya karatasi niliyomchorea vitufe. Mwanzoni macho yalikuwa kwenye vidole. Nikamwambia, "Tazama nati, vidole vinajua njia." Baada ya muda nikaona kitu ninachokitafuta kwa kila mtoto: kichwa kikaanza kuyumba kidogo sana pamoja na uzi, mabega yakashuka, na kidole kikatua nati inapogeuka, si baada ya hapo. Babu alikuwa amekaa nyuma, kiganja kinagonga goti. Akauliza, "Mwalimu, ukiufupisha zaidi?" Tukaufupisha, na goti lake likaufuata uzi palepale, bila pigo hata moja la kutafuta. Yule binti alimtazama babu yake kwa mshangao. Nilimwomba mzee awe anakaa pale kila jioni ya mazoezi, naye alikubali.

Mtoto akishazoea kuona, kwa kawaida akifikisha miaka 10 au zaidi na vidole vimeshika njia, ndipo namshauri mzazi anunue ndogo ya betri. Hizi zinaendeshwa na kioo cha kwatsi kama saa za mkononi, na ndiyo sababu hazijali meza iliyoinama wala mvua. Kwa kazi ya mapigo, yoyote nzima inatosha, hata ya bei nafuu. Mimi naangalia vitu vichache tu. Iwe na gurudumu la kuongeza na kupunguza sauti, ambalo mtoto anaweza kulizungusha bila kuacha kupiga, sababu nitaieleza. Iwe na taa inayowaka kwa kila pigo. Iwe na tundu la spika za masikioni, hasa kwa mtoto wa ngoma au tarumbeta, kwa kuwa mlio wa kidude cha mfukoni unamezwa mara moja na ngoma. Lakini avae kwenye sikio moja tu, na sauti isipandishwe hadi kumwumiza. Betri ziwe za kawaida zinazouzwa dukani kijijini. Zile ndogo bapa kama vifungo zikiisha Nshamba, mtoto anaweza kukaa wiki nyingi akisubiri mtu wa kwenda mjini.

Zipo zinazounganisha metronomu na kipimo cha sauti, cha kulinganisha La kwa mitetemo 440. Kwa gitaa, fidla na vyombo vya kupuliza, nunua hiyo, inafaa. Kwa mtoto wa kinanda ni fedha ya bure, maana kinanda cha umeme hakipotezi sauti.

Sasa simu. Programu za metronomu zipo tele, nyingi za bure, na zikishapakuliwa zinafanya kazi bila intaneti. Nazitumia mwenyewe ninapokuwa safarini. Kwa mtoto, hapana, isipokuwa hakuna njia nyingine kabisa. Sababu ya kwanza haihusu muziki: simu ni ya baba. Baba akienda shambani, kazini au mnadani, metronomu imeondoka naye, na mtoto anafanya mazoezi saa ambazo baba hayupo. Sababu ya pili ni kwamba simu inaita, inaleta ujumbe, na programu za bure zinaleta matangazo katikati ya zoezi. Mtoto aliyefanikiwa kuzama kwenye mapigo kwa dakika tatu anatolewa humo kwa nguvu, na kurudi si rahisi. Kama ni lazima, simu iwekwe kwenye hali ya ndegeni, programu nyingine zote zifungwe, na iwekwe kifudifudi baada ya mwendo kupangwa. Tena usiiunganishe na spika ya bluetooth. Sauti inachelewa njiani, taa ya kwenye kioo inawaka kabla ya mlio, na mtoto anapewa mapigo mawili yanayogombana.

Kuna metronomu nyingine ambayo wengi wanayo bila kujua. Vinanda vingi vya umeme vilivyomo makanisani mwetu vina kitufe kilichoandikwa Metronome. Watoto wanakipita na kwenda moja kwa moja kwenye midundo iliyomo ndani, rumba, rege, waltz, kwa sababu inachangamsha. Naelewa, nami napenda kumwona mtoto akichangamka. Ila mdundo kamili unaficha udhaifu. Ngoma, besi na shekere vimejaza kila nafasi; mtoto akiteleza, sauti nyingine zinamfunika na hakuna anayesikia, yeye akiwa wa kwanza kutosikia. Mlio mtupu unaacha uwazi kati ya pigo na pigo, na mtoto anajifunza kuujaza uwazi huo mwenyewe. Mdundo uwe zawadi ya mwisho wa zoezi.

Mahali ambapo mashine hizi huleta madhara makubwa zaidi huku kwetu ni kwenye nyimbo za mapigo matatu-matatu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijaona maelekezo yoyote ya dukani yanayoligusa jambo hili.

Watoto wetu wengi wanasoma solfa. Ilikuja na misheni, ikakua, na nyumba kama seminari ya Rubya, alikosoma Kardinali Laurean Rugambwa katika ujana wake, na kwa Walutheri chuo cha Ruhija, zimetoa waimbaji na walimu wanaoisoma kwa ufasaha mkubwa. Katika solfa, alama ya nukta mbili na mistari ya wima ndizo zinazotenga pigo na pigo. Mtoto anaona vizuri: kila nukta mbili ni pigo, basi kila nukta mbili ni mlio mmoja wa metronomu. Kwa wimbo wa mapigo mawili au manne hakuna tatizo. Lakini chukua wimbo wenye mahadhi ya Kihaya ulioandikwa kwa mapigo sita. Kwenye karatasi ni nukta mbili baada ya nukta mbili, vipande sita katika kila kipimo. Kwenye mwili wa mchezaji ni hatua mbili tu, kila hatua imebeba tatu ndani yake. Sikiliza nyimbo za Saida Karoli, binti wa Bukoba aliyezifanya ngoma za Kihaya zichezwe nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha simama ucheze. Miguu yako haitahesabu sita.

Mtoto akiiweka metronomu igonge vipande vyote sita, mambo mawili yanatokea. Kwanza, mashine inaishiwa: mwendo wa hatua 72 kwa dakika unadai milio 216, na piramidi inaishia 208. Pili, na hili ndilo baya, kila kipande kinapata uzito sawa. Mtoto anagonga sita kama misumari sita, wimbo unakufa, na akina mama wa kwaya wanaotaka kucheza wanasimama wameduwaa. Iweke igonge hatua tu. Weka 66 au 72, mtoto aseme "moja-na-ka, mbili-na-ka" au maneno yoyote yenye sehemu tatu, mlio utue kwenye sehemu ya kwanza, na zile mbili azijaze mwenyewe. Uzi wa mlangoni kwa wimbo kama huu ni mzuri mno. Nati inakwenda kushoto ikibeba tatu, inarudi kulia ikibeba tatu.

Baadhi ya metronomu za betri zina kengele inayolia kwenye pigo la kwanza la kila kipimo, na kitufe cha kuchagua mbili, tatu, nne au sita. Kwa mtoto wa huku naomba kengele hiyo izimwe. Ngoma yetu mara nyingi inaweka mkazo mahali ambapo kengele haiko, na mtoto akisikia kengele ataamini mashine na kuuacha mkono wa babu yake.

Na enanga, chombo cha nyuzi cha Wahaya, usiiwekee metronomu kabisa. Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyezichunguza kwa kina tenzi za enanga za Wahaya, alishughulika na sanaa ambayo maneno ndiyo yanayoongoza: mpigaji hurefusha mstari, hukimbiza mwingine, husimama ili hadhira ielewe jambo zito. Kijana anayejifunza enanga akae miguuni pa mpigaji na kumsikiliza jioni nyingi. Mashine itamnyang'anya kile alichokwenda kujifunza.

Nimesema gurudumu la sauti lina sababu yake. Metronomu nzuri kwa mtoto ni ile inayozimika kirahisi. Zoezi ninaloliamini kuliko yote ni hili: mtoto anapiga pamoja na mlio kwa vipimo vinne, kisha anashusha sauti hadi kimya, anaendelea peke yake vipimo vinne vingine, kisha anaipandisha. Je, mlio umerudi chini ya kidole chake, au umerudi pembeni? Hakuna haja ya mwalimu kusema neno. Ukirudi mbele yake, alikuwa anavuta. Ukirudi nyuma, alikimbia. Wa uzi afumbe macho kwa safari nne za nati, kisha afumbue. Watoto hulipenda zoezi hili kama mchezo na hulirudia bila kuambiwa. Taratibu vipimo vya ukimya vinaongezwa, nane, kumi na sita, beti nzima. Hapo unaona kwamba mapigo yamehama kutoka kwenye mashine na kuingia mwilini.

Kuhusu mwendo wa kuanzia, weka ule ambao mtoto anaupiga wimbo wote bila kukwama, hata kama ni 50, hata kama unakuchosha kusikiliza. Ukishanyooka, panda hatua nne, usipande zaidi. Wazazi wenye haraka huniuliza kwa nini wimbo wa Noeli tunauanza Septemba. Ni kwa ajili ya hatua hizo nne-nne.

Kwa hiyo mzazi wa Muleba aliye na mtoto wa darasa la pili au la tatu namwambia afunge uzi leo, na fedha ya kahawa aitunze. Mwenye uwezo wa kupata piramidi iliyo nzima, na anunue, itamfaa mtoto hadi ukubwani. Mzazi wa mtoto mkubwa kidogo anunue ya betri yenye gurudumu la sauti. Kwaya zenye fedha zinunue mbili au tatu na kuwaazima watoto kwa zamu, wiki nzima nyumbani, maana mtoto anayekiona kinanda Jumamosi tu bado ana siku sita za kujifunza mapigo.

Ombi langu la mwisho nalielekeza kwa watunzi na walimu wenzangu wa kwaya. Nota zetu nyingi juu yake zimeandikwa "Kwa shangwe", "Taratibu", "Kwa unyenyekevu", basi. Shangwe ya Bukoba mjini si shangwe ya Rubya. Wimbo mmoja naukuta na mwendo tofauti parokia kwa parokia, na mtoto anayejifunzia nyumbani hana wa kumwuliza. Mtunzi ndiye anayeujua mwendo alioukusudia. Kabla ya kupeleka karatasi kwenye fotokopi, imba wimbo wako ukitembea, upime kwa saa au kwa uzi, na uandike namba pembeni ya maneno hayo. Kama wimbo ni wa mapigo sita, eleza pia kwamba namba ni ya hatua, ili mtoto asiiweke kwenye vipande.